Bi Miriam Alipogonga Mara Tatu

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi, mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa nyumba yetu. Barua za shule, daktari, fundi wa bomba: kila mgeni aliyesimama mlangoni kwetu Fridley, mji uliotupokea kama wakimbizi, alisemeshwa na mimi, kwa sababu Mama alijua Kiingereza cha kazini tu, na Bibi hakukijua wala hakukitaka. Watu huwasifu watoto wa namna hiyo. Nikizisikia sifa hizo hadi leo napandwa na hasira.

Mlango uliotazamana na wetu ulikuwa wa Bi Miriam, mjane wa Kiyahudi, mwalimu mstaafu. Ndiye aliyenifundisha kusoma. Mama akiwa kazini kwenye maghala ya Shakopee, na Bibi akimlea mdogo wangu Furaha, aliyekuwa hajatimiza mwaka, mimi nilivuka korido na kitabu changu. Bi Miriam alinisikiliza huku akimenya tufaha. Nikikosea neno hakunisahihisha. Aliacha tu kumenya, akanitazama.

Mwaka ule, majani yalipoanza kugeuka rangi, alianza kupuliza kila asubuhi pembe ya kondoo dume iliyokuwa ya marehemu mumewe. Hakujua kupuliza. Sauti ilitoka kama ya ng'ombe aliyekabwa, Furaha akaamka akilia, na Bibi akaweka sufuria chini.

"Kwao kumekufa nani?"

Nilipomuuliza Bi Miriam, alicheka sana. Hakufa mtu, alisema. Mwaka mpya wa Wayahudi ulikuwa unakaribia, na pembe ile ni ya kuwaamsha watu wanaotembea huku roho zimelala. Siku yenyewe ilipofika alinipa kipande cha tufaha kilichochovywa kwenye asali, ili mwaka uwe mtamu, na mkate wa mviringo, kwa kuwa mwaka nao huzunguka ukarudi ulipoanzia. Alasiri tukashuka hadi kwenye mto Mississippi. Alikung'uta mifuko ya koti lake, akarusha vipande vya mkate majini, akisali kwa sauti ya chini.

"Makosa yangu kwa Mungu," aliniambia, "hayo mto unaweza kuyachukua. Niliyokukosea wewe, mto hauyawezi. Hayo ni lazima nije mlangoni kwako, ndani ya siku hizi kumi, nikuombe msamaha."

Nami nikarusha kipande changu. Nilikuwa nimemdanganya Mama kuhusu glovu nilizozipoteza.

Jioni Bibi akakuta makombo mfukoni mwangu.

"Hii mukate ya nani?"

Nikamweleza: mto, vipande, makosa. Sikumwambia kuhusu kile cha kwangu. Hakunipiga. Alikaa taratibu kwenye kochi, kama mtu aliyepokea habari za msiba.

"We mutoto. Mutu akitupa mikosi yake ndani ya maji, unafikiri inaenda wapi? Inatafuta mutoto wa karibu."

Siku ya tatu Furaha akashikwa na homa, pumzi zikawa za kukatika. Hospitali walisema ni mapafu, wakamlaza. Nilitafsiri yote: dawa, oksijeni, matumaini. Bibi alisubiri daktari atoke, kisha akamwambia Mama, "Huyu anaona ugonjwa. Haone mwenye aliutuma. Mbele ya mutoto kupona, mwenye alifanya atakuya yeye mwenyewe kwa mulango. Utaona."

Furaha alirudi nyumbani baada ya siku tatu, bado akikohoa. Kesho yake mchana mlango ukagongwa. Nikafungua. Bi Miriam alisimama pale na chupa ya asali mikononi, nywele amezichana vizuri, kama mtu aliyekuja kwa shughuli rasmi.

"Riziki, niwie mdomo," alisema, kisha akawatazama wakubwa. "Niliwaamsha kwa pembe yangu. Nilimpeleka binti yenu mtoni bila kuwaomba ruhusa. Kama nimewakosea kwa jambo jingine lolote, kwa kujua au bila kujua, naomba mnisamehe."

Nikatafsiri. Kila neno lilikuwa sahihi, sikuongeza wala sikupunguza. Ndiyo maana nauita uongo: maneno yote yalifika, ila si desturi iliyoyaleta.

Bibi alipiga makofi mara moja. "Nilisema nini? Sikusema atajileta?"

"Mama, ngoja kwanza," alisema mama yangu, Furaha akiwa begani kwake. Akanigeukia. "Riziki, hii ni desturi yao? Ni kitu ya dini?"

Upande wetu wa mlango, mimi peke yangu ndiye niliyejua. Lakini kama ningesema ndiyo, ningeulizwa nimejuaje, na nilitupa nini mtoni, na lawama ya homa ya Furaha ingeniangukia mimi. Nikasema, "Sijui."

Bibi akamnyang'anya Bi Miriam chupa, akaenda nayo jikoni, akaimwaga asali yote kwenye sinki na maji ya moto. Sote tulisikia bomba.

"Umewaeleza, Riziki?" Bi Miriam aliniuliza kwa upole.

"Ndiyo."

Akanitazama vilevile alivyokuwa akinitazama nilipokosea neno. Kisha akarudi kwake.

Aligonga tena kesho yake. Bibi alinishika mkono tukakaa kimya kwenye kochi mpaka tukasikia mlango wake ukifungwa. Siku iliyofuata, kabla ya mfungo unaohitimisha zile siku kumi, akagonga mara ya tatu. Hakugonga tena. Sikuvuka korido tena, na theluji ilipoanguka mwanawe alikuja na gari la mizigo kumhamisha. Bibi alisema mchawi akishatambuliwa hawezi kukaa.

Nimejaribu miaka mingi kumwelewa Bibi, na karibu ninamwelewa. Alikuwa ametoka katika vita, na mtoto wetu alikuwa hapumui vizuri; woga mkubwa kama ule hutaka sura ya mtu. Lakini Bibi ndiye aliyetusimulia, zaidi ya mara moja, jinsi mama yake mzazi alivyoitwa mchawi akafukuzwa kijijini kule kwetu Fizi kwa sababu mtoto wa jirani alikufa, na nyumba ikachomwa akiona. Alijua. Alijua jambo hilo linavyoanza na linavyoisha, na bado alifungua bomba. Hapo huruma yangu hukwama. Tumemzika Bibi, nami bado nina hasira naye. Nina hasira pia na wote waliofurahia kuwa na mtoto wa kuwasemea, wasijiulize mtoto huyo anaogopa nini.

Na hizo zote ni ndogo kuliko ile niliyo nayo kwa yule msichana mlangoni.

Nilipokuwa mtu mzima nilisoma kwamba katika desturi yao, mtu akiomba msamaha kwa moyo mara tatu akanyimwa, yeye amemaliza; kosa linabaki kwa aliyenyima. Bi Miriam hakuwa aking'ang'ania. Alikuwa akiikamilisha sheria yake, na alipogonga mara ya tatu alituachia sisi lote.

Nilimtafuta. Nikachelewa; alikuwa amekwisha kufa. Kila vuli mimi hushuka mtoni na kipande cha mkate, nikasimama palepale, nikakumbuka aliloniambia kuhusu yale ambayo mto hauyawezi. Kisha narudi nyumbani, mkate ukiwa bado mfukoni.