Kifuniko cha Sufuria ya Akoth

Filister Akoth alichukia uchafu. Chumba chake pale Kawangware 46, Nairobi, alikipiga deki asubuhi na jioni, na nguo za Mama Ciru, mwenye ploti waliyopanga, ambaye alimfulia kwa malipo, alizisuuza mpaka maji yakatakata. Lakini mwaka wa tisini na tano alikutana na uchafu usiosikia sabuni.

Ulianzia msibani. Austine, binamu ya mumewe, alifariki kwa homa huko kijiji cha Raila, mtaani Kibera. Siku ya kumsafirisha kwenda kuzikwa kwao kando ya ziwa, wanaume walifanya tero buru, desturi ya Waluo ya kukifukuza kifo. Walijipaka chokaa, wakashika matawi na fimbo, wakakimbia mbele ya jeneza wakipuliza filimbi na kupiga mayowe. Okello, mume wa Akoth, hakuwa na ngao. Alinyakua kifuniko cha sufuria kubwa ambayo mkewe alikuwa ameileta kupikia waombolezaji, akapambana na kifo kwa hicho hicho. Akoth alicheka huku analia.

Mpiga picha wa gazeti alikuwa akipita. Kesho yake Okello alikuwa ukurasa wa mbele, mdomo wazi, kifuniko juu, na maneno chini yake kwamba wapiganaji wa Kibera wanajiandaa kwa vita, wamejihami kwa silaha za jadi. Jeneza lililokuwa nyuma yao lilikatwa pichani. Eti vita! Mtu anamlilia ndugu yake, unamfanya askari wa kabila. Na ukurasa wa pili, nusu nzima, ni bibi mmoja wa mtaa wa matajiri aliyeibiwa kioo cha gari: jina lake kamili, watoto wake, na jinsi anavyokosa usingizi. Inatapisha.

Nguo hazijakauka kambani, Mama Ciru akamwita, gazeti mkononi.

"Mama Adhis, huyu si mzee wako?"

"Ni yeye. Lakini hiyo ilikuwa matanga. Hapo nyuma kulikuwa na jeneza."

"Mimi sioni jeneza."

"Wamelikata, Mama Ciru. Ngoja." Akoth alikimbia chumbani akarudi na kifuniko. Waya ambao Okello alikuwa amefungia mshikio ulionekana wazi hata pichani. "Ona. Ndiyo hiyo silaha. Nafunikia ugali."

Mama Ciru alitazama kifuniko, akatazama gazeti, akaamini gazeti.

"Hawawezi danganya nchi nzima. Mimi sitaki vita kwa ploti yangu. Mwezi ukiisha mniachie nyumba."

Okello huyo huyo ndiye aliyemchomelea Mama Ciru geti. Ndiye aliyembeba mgongoni mama mkwe wa Mama Ciru hadi hospitali, siku matope yalipozuia magari. Mtu umjue miaka nenda miaka rudi, kisha karatasi ya kufungia nyama ikuambie humjui, nawe ukubali! Akoth alibembeleza mwezi mzima, lakini dua la kuku halimpati mwewe.

Siku ya kuhama, Okello alitangulia na mkokoteni. Akoth alikuwa amebaki na godoro kichwani na mtoto, Adhis, amemshika sketi, aliposikia sauti kutoka nyumba kubwa.

"Mama Adhis! Kuja uone!"

Labda roho imemrudia, alifikiri, akaharakisha hadi mlangoni.

Televisheni ilikuwa ikionyesha wakimbizi wa vita vya Bosnia, huko Ulaya. Wanawake wenye vitambaa kichwani walikuwa wakitembea matopeni, magodoro mgongoni, watoto wamewashika sketi. Mama Ciru alikuwa akilia kweli, anajifuta kwa leso aliyofuliwa na Akoth.

"Woi, maskini! Watu wazuri hivyo. Wamefukuzwa kwao na hawajakosea mtu!"

Akoth alisimama pale na godoro lake, akamsubiri ageuke. Hakugeuka.

Basi Akoth akatema mate kizingitini, kizingiti alichokipiga deki mwenyewe asubuhi ile, akamshika Adhis mkono, wakaufuata mkokoteni kuelekea Raila.