Dakika Nne za Jina Langu

Jeep ilisimama mbele ya darasa la tano wakati nafuta ubao. Dereva hakushuka. Alitoa mkono dirishani akaniita kwa vidole, nami nikajua gari lile ni la nani, kwa sababu Kindu nzima ilijua. Mwenyewe alikuwa mkuu wa ofisi ambayo hatukuitaja jina. Ukilazimika kuitaja ulisema tu "kule", na aliyekusikiliza aliangalia pembeni.

"Mwalimu, mukubwa anakuita," dereva akasema.

"Kuna nini?"

"Miye ni dereva tu, Mama."

Wasichana wangu wa darasani waliweka kalamu chini wote kwa pamoja. Mkuu wa shule alisimama kwenye baraza. Nilimtazama nikitumaini atasema neno, hata moja, lakini aliingia ofisini mwake akafunga mlango taratibu. Nilipanda gari na chaki ingali mikononi.

Ilikuwa miaka ya mwisho mwisho ya chama kimoja, wakati bado tuliimba kila asubuhi chini ya bendera na kuvaa vitenge vyenye sura ya kiongozi siku za gwaride. Mimi nilifundisha hesabu. Nilisomea Kisangani, kisha nikapelekwa Ubelgiji miezi michache kwa mafunzo, na huko nikajifunza kompyuta kidogo. Niliwahi kusimulia habari hiyo kwa kujivuna mara moja tu, kwenye harusi. Ndani ya jeep nikawa nawakumbuka mmoja mmoja wote walioketi karibu nami siku ile.

Hatukwenda kule. Tulikwenda nyumbani kwake, na hapo ndipo nilipoogopa zaidi. Ofisini walau kuna watu barabarani wanaokuona ukiingia.

Alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ya chini, amevaa abakosi, lile koti la wakubwa lisilovaliwa na tai, ya kijivu, iliyopigwa pasi vizuri. Alinimiminia maji kwa mkono wake mwenyewe. Juu ya meza ya kulia chakula, chini ya kitambaa kilichofumwa na mkewe, kulikuwa na kompyuta. Sikuwahi kuona kompyuta ndani ya nyumba ya mtu hapa Kindu.

"Ikala, Mama Mwalimu," alisema. "Usiogope. Watu wote wakiingia humu wanaogopa, sijui ni kwa nini."

Nikakaa. Akanieleza bila haraka. Ofisini hakumwamini mtu, kwa hiyo orodha yake ya watu wa kufuatiliwa aliiweka hapa nyumbani, ndani ya mashine hii. Mwenzake wa Kisangani alikuwa na mashine kama hii hii, imetoka duka moja, na ile ilijibu upesi.

"Yangu, nikiuliza jina moja tu, navuta sigara mpaka inaisha," alisema. "Aliyeiandaa ilipofika ni fundi wa redio wa mtaa wa Mikelenge. Huyo fundi tuko naye kule."

Nilimfahamu fundi huyo. Mkewe aliuza sombe, majani ya muhogo, kwenye soko letu, na kwa zaidi ya wiki meza yake ilikuwa tupu. Wanawake wenzake walikuwa wameihamisha kidogo kidogo pembeni, kama watu wasiotaka kuikaribia.

"Anasema hakufanya kitu," mkuu akaendelea. "Sasa wewe utaniambia. Njo mashine inagonjwa, ao njo muntu aliiharibu?"

Nilikunywa maji, nikaiweka glasi mbali na mashine. Nikasema kwanza tuipime, tujue inachukua muda gani kusoma orodha yote. Nilihitaji saa, na saa nilikuwa nayo mkononi. Nilihitaji pia jina la kutafuta.

Alifikiri kidogo.

"Tutafute lako," alisema.

Aliandika mwenyewe kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, akiniuliza kama jina la baba yangu lina h au halina. Kisha akabonyeza. Taa ndogo nyekundu ikaanza kuwaka na kuzima, na ndani ya sanduku kukawa na mkwaruzo kama wa panya anayetafuna kokwa ya chikichi. Niliitazama saa yangu. Nilitakiwa kupima kasi ya diski, ile sahani ya ndani inayotunza maandishi, basi niliipima, lakini kila mshale wa sekunde ulipovuka kumi na mbili nilihisi mashine ikikaribia jina langu. Dakika ya kwanza nilikumbuka mambo niliyosema kwenye chumba cha walimu. Ya pili nikamkumbuka kaka yangu aliyevuka kwenda Burundi bila karatasi. Ya tatu sikukumbuka kitu, nilisikia tu jasho likishuka mgongoni. Ya nne ikaisha.

"Haiko," mkuu akasema. "Dakika ngapi?"

"Nne na sekunde kumi."

"Unaona?"

Ndani ya boksi la mashine kulikuwa na kitabu cha Kiingereza na disketi yenye programu ya kupimia diski. Niliipachika. Mkuu alivuta kiti akakaa nyuma ya bega langu, karibu kiasi kwamba nilinusa sabuni yake. Vidole vyangu viliacha alama nyeupe za chaki juu ya kibodi.

Nitajaribu kusema nilichokiona. Diski ile huzunguka bila kusimama, na maneno yamepangwa juu yake kwa mizunguko, kila mzunguko una vipande kumi na saba. Mashine husoma kipande kimoja, halafu huhitaji nafasi ya kukimeza kabla ya kupokea kingine. Ni kama ningewazungusha wasichana wangu uwanjani, nisimame mahali pamoja nikiandika jina la kila anayepita. Nikiwa bado naandika la kwanza, wa pili na wa tatu wameshapita. Basi ni busara kuwapanga kwa kuruka, anayefuata kwenye daftari asiwe anayefuata kwenye mstari, bali awe nyuma kwa watu kadhaa, anifikie pale pale ninapoinua kalamu. Ukipanga vizuri, mizunguko michache inatosha. Ukipanga vibaya, unamngoja kila mtu karibu uwanja mzima.

Namba hiyo ya kuruka huchaguliwa na anayeandaa diski siku ya kwanza. Kitabu kilisema sita. Programu ilijaribu namba zote na kunionyesha kwamba kwa mashine ile iliyo bora ni tatu. Kisha ikanionyesha iliyokuwepo. Kumi na sita.

Hakuna namba mbaya kuliko hiyo. Mtu asiyejua kitu angefuata kitabu. Kumi na sita huandikwa na mtu anayejua. Hivyo ndivyo nilivyowaza. Fundi wa redio, yule mtu mkimya aliyewahi kunitengenezea pasi bila kuinua macho, alikuwa ameipunguza kasi orodha ya mkuu kwa kusudi, akaiacha ijivute kwa miezi. Na mimi peke yangu mjini ndimi niliyeliona jambo hilo, mbele ya mwenye orodha.

"Umeona kitu," mkuu akasema. Hakuwa anauliza.

"Nimeona, Shefu."

"Sema."

"Diski na mashine havipatani. Diski imepangwa polepole mno, kwa namba hiyo kumi na sita iliyo kwenye kioo."

"Nani aliipanga?"

"Fundi. Alipanga kama kitabu kinavyoagiza."

Sijui sentensi ile ilitoka wapi. Nilisikia sauti yangu ikiisema, tena ya kialimu, bila kutetemeka, nikajua siwezi tena kuirudisha.

Alinyoosha mkono akanisogezea kitabu.

"Nionyeshe pale imeandikwa."

Mkuu hakujua Kiingereza. Hilo nililitegemea, ingawa sikuwa na hakika nalo. Nilifungua kurasa. Ukurasa wa kulia ndio uliokuwa na sita, imeandikwa kwa wino mweusi mzito. Niliweka kiganja changu juu yake kama mtu anayezuia kitabu kisijifunge. Kwenye ukurasa wa kushoto nilitafuta kumi na sita, yoyote ile. Niliiona ndani ya mstari uliohusu joto la chumba.

"Hapa, Shefu."

Aliinama. Alisoma kimoyomoyo, midomo ikicheza, maneno asiyoyajua. Kidole chake kikafika kwenye namba kikatulia. Halafu akatoa kalamu nyekundu mfukoni, akapiga mstari chini ya sentensi nzima, polepole, kwa rula.

"Basi kitabu njo kibaya," alisema.

"Kiliandikwa kwa mashine ya namna nyingine."

"Unaweza kuitengeneza?"

Nilisema naweza. Nikamwambia pia ukweli, kwamba programu itainua kila mzunguko, iushike kumbukumbuni, iupange upya, iurudishe. Jenereta ikizimika katikati, kilichoshikwa kinapotea. Alitoka uani, nikamsikia akimwambia dereva akae kando ya jenereta na kwamba ikikohoa hata mara moja, watazungumza.

Nilipobaki peke yangu programu iliniuliza namba mpya. Mkono ulikuwa juu ya kibodi. Nilikuwa nimeona majina yakipita kwenye kioo wakati wa kupima, si mengi, lakini mawili niliyafahamu. Moja lilikuwa la baba wa mwanafunzi wangu. Lingine la mzee anayesomesha watoto Kurani nyuma ya nyumba yetu. Nikiandika tatu, jina lolote litapatikana chini ya dakika moja. Nikiacha kumi na sita, nitalala pale alipolala fundi. Mimi si shujaa, na sikuwa shujaa siku ile. Niliandika sita nikabonyeza kabla hajarudi.

Kazi ilichukua mchana wote. Mke wa mkuu alileta wali na samaki, sikuvigusa. Mkuu alikula, akanawa, akakaa tena nyuma yangu kutazama namba za mizunguko zikipanda. Mara moja jenereta ilishusha sauti na taa ya chumba ikafifia. Nilifumba macho. Ikapanda tena. Nilipofumbua, mkuu alikuwa ananitazama mimi, si kioo.

"Unaipenda sana kazi," alisema.

"Ndiyo, Shefu."

Ilipomaliza, jua lilikuwa bado juu ya bati za jirani. Akasema tupime, na bila kuniuliza akaandika jina langu mara ya pili. Sasa alijua mahali pa h. Nilishika saa. Safari hii panya alitafuna haraka, nami sikupata muda wa kumkumbuka mtu yeyote. Dakika moja na nusu.

Mkuu akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Haiko," alisema, akafunika mashine kwa kitambaa. "Bado."

Jeep ilinirudisha hadi kona ya kwetu. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni tangu adhuhuri, amevaa viatu, na amefunga nguo zangu mbili ndani ya mfuko, kwa sababu alisikia kwamba huko hawatoi nguo. Nilimwambia tu ilikuwa hesabu. Alinifungulia mfuko akarudisha nguo kabatini moja moja, akizilainisha kwa mkono.

Fundi aliachiwa siku ya tano. Nilijua kwa kuona sombe kwenye meza ya mkewe sokoni. Mkewe hakunisalimu, nami sikumlaumu, maana salamu nayo ilikuwa kitu cha kuonekana na watu wa kule. Ila nilipopita alinifungia fungu kubwa kuliko la wengine.

Fundi mwenyewe alikuja kwetu baada ya majuma kadhaa, mchana, na begi lake la vifaa, kana kwamba redio yetu imeharibika. Alikuwa amekonda, na mkono wa kushoto haukukunjika vizuri. Aliifungua redio nzima mezani ili apitaye aone kazi.

"Mama Mwalimu," alisema akiwa ameinamia nyaya, "ulikuta ngapi?"

"Kumi na sita."

Alipuliza vumbi ndani ya redio.

"Nilifikiri nimeandika sita," alisema. "Labda kidole kiligusa moja kwanza. Kule waliniuliza kila siku, na miye sikujua nimefanya nini. Ungeniuliza wewe ningekuambia sita, naapa."

Nilimtazama. Alikuwa anatazama redio. Nilikuwa nimebeba moyoni mtu jasiri kwa majuma yote yale, na kwa ajili yake niliweka uongo ndani ya kitabu cha mtu aliyeweza kunipoteza. Sasa alikuwa ananiambia ni kidole. Inawezekana ilikuwa kweli. Inawezekana pia mtu aliyetoka kule asingekiri kitu hata kwa mama yake. Sikumuuliza mara ya pili, na mpaka leo sijui.

"Na sasa iko ngapi?" akauliza.

"Sita."

Aliitikia kwa kichwa, akarudisha kifuniko cha redio na skrubu zake zote. Kabla ya mwezi kwisha alihamia Lubutu na mkewe, wakaanza kuuza betri.

Mimi nilibaki na mstari ule mwekundu. Ilitosha aje mgeni mmoja, mfanyabiashara kutoka Goma, padri, mtu yeyote anayesoma Kiingereza, aketi kwenye meza ile na kucheka: mbona umepigia mstari habari za joto la chumba? Kila mgeni aliyepokelewa kwa mkuu nilimhesabu. Nilikosa usingizi karibu mwaka mzima. Darasani nikaacha kuandika kumi na sita ubaoni. Mazoezi yangu yaliishia kumi na tano au yalirukia kumi na saba, na wasichana hawakujua kwa nini.

Kisha mkuu akahamishwa ghafla, kama walivyohamishwa wote wa namna yake. Tuliona mizigo yake ikipelekwa uwanja wa ndege: viti, kitanda, na boksi la kompyuta lililofungwa kamba. Nilisimama kando ya barabara na wengine, kama ilivyotakiwa, nikapiga makofi. Kama kitabu kilikuwemo sijui. Nilipiga makofi mpaka mikono ikauma, kisha nikaenda sokoni.