Pumzi ya Sauti ya Pili

Jolly akikuwekea kiganja mgongoni, juu kidogo ya kiuno, humdanganyi. Pumzi ikiishia kifuani anajua, na atakuumbua mbele za watu. Kwa miaka mingi kwaya yetu ya ibada ya Kiswahili hapa Kabeza, Kigali, imeanza mazoezi chini ya mkono huo: miguu iachane kidogo, magoti yasikazwe, mabega chini, tuvute pumzi hadi mbavu zifunguke, kisha tuitoe taratibu katikati ya meno, ssss, mpaka yeye aseme basi. Mchana Jolly yuko mapokezi katika ofisi moja ya Kacyiru, kazi yake kuwaambia watu wasubiri. Jioni, kwetu, alikuwa mtu wa maana.

Ndipo akaja Leah. Ni Mtanzania wa Musoma, mumewe alihamishiwa Kigali kikazi, na uimbaji aliusomea chuoni. Mwalimu wetu wa kwaya, Mutsinzi, alimsikia mara moja tu akamwomba atuongoze mazoezi ya pumzi. Jolly hakuulizwa. Leah akatulaza chali sakafuni na kutuwekea vitabu vya nyimbo tumboni, tuone vikipanda na kushuka. Watu walicheka, wakapenda. Jolly naye alilala, lakini kitabu chake hakikutikisika.

Wivu ulimkaba na wala hakuuficha. "Ule anatufundisha kama watoto ya shule," aliniambia njiani. "Mutu mukubwa unamulaza chini, sha?" Mimi nasimama ubavuni pake katika sauti ya pili, kwa hiyo yote niliyamezeshwa mimi: Leah anajisikia, Leah anacheka sana, Leah viatu vyake vinapiga kelele. Nilimwambia aache. Akaninunia.

Jumapili ya mavuno tulikuwa na wimbo wenye mstari mrefu kuliko pumzi ya mtu. Leah alikuwa amempangia kila mmoja neno lake la kuvutia pumzi, ili huyu akinyamaza kidogo jirani aendelee na sauti isikatike. Jolly akaamua moyoni kuuimba mstari wote kwa pumzi moja, amkomeshe. Hakumwambia mtu mpaka baadaye.

Sasa, sauti ya pili nzima imezoea kupumua kwa kumtazama Jolly. Mbavu zake zikifunguka, zetu zinafunguka. Kanisa lilikuwa limejaa, hofu ikatuingia, mpango wa Leah ukatutoka kichwani na macho yote yakarudi kwa Jolly. Jolly havuti. Nasi tunangoja. Mimi nilianza kuona nyota. Katikati ya mstari sauti ya pili ikazimika yote, Jolly akiwemo, besi wakabaki wakinguruma peke yao.

Baada ya ibada Mutsinzi alituweka nyuma ya kanisa. "Nonese, sasa mulikuwa munaangalia nani?"

Nilichoka kumficha, nikasema mimi. "Jolly. Sisi tunapumuaka wakati yeye anapumua."

Nilimtupia jicho. Badala ya aibu, uso wake ulikuwa na furaha, na nilitamani kumfinya.

Leah hakukasirika. "Basi mwalimu, mimi nimekuja juzi tu, na hawa pumzi zao ziko kwa dada Jolly," alisema. "Mazoezi ayaongoze yeye. Mimi nitasimama nao." Mutsinzi akakubali.

Mazoezi yaliyofuata Jolly alisimama mbele, mgongo umenyooka, akatuamuru tuvute. Leah alisimama ubavuni pangu, mkono tumboni, akatii kila neno. Jolly alimpitia mara mbili na kile kiganja chake, akitafuta kosa. Hakulipata.

Tulipomaliza nilimpongeza kwa kurudishiwa nafasi yake. Alikuwa akimwangalia Leah, ambaye alikuwa mlangoni akicheka na wenzetu.

"Ameniachia hivi hivi," akasema, "kama mutu anaachia mwingine kiti."