Kilima Kilichoandikwa kwa Utani

Nimesikia watu wakisimulia habari za kile kilima cha nyuma ya Temeke kwa namna tatu. Wengine husema wazungu wa motokaa walikinunua. Wengine husema kilikuwa pori, hakina mwenyewe. Na wapo wanaoapa kwamba wazee wawili walikatana mapanga juu yake mpaka serikali ikaingilia. Kilima kilikuwa cha baba yangu, na mmoja wa wazee hao ni yeye. Panga halikuhusika.

Mgeni wa kutoka Morogoro angecheka kusikia tunakiita kilima. Ulikuwa mwinuko wa mchanga mwekundu ambao mwanamke mwenye ndoo kichwani aliupanda bila kupumzika. Lakini mji wetu ni tambarare, na vita vilipokwisha wazungu fulani walianzisha chama cha kushindana kupandisha motokaa vilimani, wakazunguka wiki nzima wakitafuta kilima. Walipouona mwinuko wetu walishuka wakaukanyagakanyaga kama watu wanaojaribu kitanda kipya.

Baba alilima pale mihogo na kunde, kama mama yake alivyolima kabla yake. Hakuwa na shamba jingine.

Siku afisa wa ardhi alipokuja kumuulizia mwenyewe, baba alikuwa amekaa barazani na mtani wake. Huyu alikuwa Mnyamwezi, hamali wa zamani wa bandarini, jirani yetu wa miaka mingi, mwenye kishamba chake bondeni. Sisi ni Wazaramo, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anaweza kukuita mtumwa wake mbele ya wakwe zako, anaweza kuondoka na kuku wako, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Unachoruhusiwa ni kumrudishia.

Karani wa afisa alikuwa kijana wa bara aliyevaa nguo za pasi, mgeni wa pwani. Akauliza kilima ni cha nani.

Mtani akamtangulia baba. "Changu. Huyu Mzaramo nimemweka tu anifukuzie nyani."

"Ni kweli," baba akasema bila kuinua uso kutoka kwenye kikombe cha kahawa. "Na yeye nilimnunua kwa kibaba cha chumvi. Wakaniongezea na kamba ya kumfungia."

Walicheka wote wawili, na mie nikacheka. Karani hakucheka, alikuwa anaandika. Baadaye alinieleza kwamba jibu la kwanza aliliandika kwa kuwa lilihusu ardhi. La pili aliliacha, kwa kuwa fomu haikuwa na mahali pa watumwa. Akamwomba mwenye kilima atie dole gumba. Mtani akatia kwa madaha, kisha akaufuta wino kwenye kanzu ya baba.

Haikupita miezi mingi, vibarua wakaja na majembe. Walikata njia katikati ya mihogo, kutoka chini hadi juu, wakaipangia mawe yaliyopakwa chokaa. Wakati huo nilikuwa karani wa ghala huko Kurasini na Kiingereza nakisoma, kwa hiyo baba aliniletea karatasi aliyoachiwa. Ilisema mwenye kilima ameridhia ardhi yake itumiwe na chama, na kwamba mfukuza nyani aliyepo ataondoka baada ya kuvuna.

Shindano la kwanza tulikwenda kulitazama. Motokaa ilipanda kwa kishindo, peke yake, na juu kabisa alisimama mzungu ameshika saa. Ilipofika ilishuka polepole, ikapanda nyingine, nayo peke yake.

"Anamkimbia nani?" mtani akauliza.

"Wewe, mwenye kilima," baba akasema. "Ameiona sura ya tajiri wake."

Mtani aliitazama ile njia iliyokatwa kwenye mihogo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akiacha kurudisha utani, na hapo nikajua ameelewa alichofanya.

Majirani walimwambia baba ashtaki. "Nimshtaki mtani?" akasema. "Nikifa nani atanichimbia kaburi?" Mtani naye alikosa usingizi, maana akisema alidanganya, kuidanganya serikali ni jela. Mwishowe waliamua kwenda pamoja kwa bwana shauri, mzungu mkuu wa wilaya, wakanichukua niwe mkalimani.

Bwana shauri alisikiliza kwa makini, kisha akauliza ni nani kati yao aliyesema uongo.

"Hakuna, bwana," mtani akasema. "Tulitaniana."

Nikajaribu kumweleza utani kwa Kiingereza. Nilisema ni aina ya undugu ambamo watu hutukanana. Akauliza hutukanana kwa kosa gani. Nikasema bila kosa. Akauliza alianza nani. Nikasema babu zao. Akaandika.

Baba aliona sifiki popote. Alinyoosha mkono akamvua mtani kofia, akaiweka kitini, akaikalia. "Mwambie bwana hii ni yangu, na aliyeivaa ni wangu."

"Umemwona, bwana?" mtani akasema. "Mzaramo hata kuiba anaiba kwa kukaa."

Askari wa mlangoni akaingia akawatenganisha.

Uamuzi ulikuja kwa maandishi. Kwa kuwa wazee hawa wana uadui wa kurithi, na kwa kuwa wameshindwa kujizuia hata mbele ya serikali, kumpa kilima mmoja wao kungeleta umwagaji wa damu. Kwa ajili ya amani kilima kitakuwa cha serikali, na chama cha motokaa kitakitunza. Kwa mwaka mzima wazee wasisogeleane chini ya hatua hamsini. Niliwasomea mara mbili nikiwa nimesimama, maana mkeka walikuwa wameujaza wao wawili.

Baba aling'oa mihogo yake siku tatu, ikiwa bado michanga. Halafu akaegemeza jembe ukutani, akakaa.

Siku ya nne mtani alikuja akasimama mwisho wa uwanja, kwa ajili ya ile amri.

"Nimekigawa kishamba changu," alisema. "Nusu ya upande wa kisima ni yako. Mpakani nimeshapanda minyaa."

"Unasema kweli?"

"Kweli."

Nilimwona baba akiogopa. Kwa miaka yote ile mtu huyu hakuwahi kumpa hata kipande cha muwa bila tusi, na sasa alisimama pale akiongea kama karani.

"Siwezi kupokea shamba kwa mtu anayeniongelesha hivyo," baba akasema. "Nitukane kwanza."

"Leo siwezi."

"Basi rudi nalo."

Mtani alichorachora mchanga kwa kidole cha mguu. Alitazama kule kilimani, akatazama jembe lililoegemea ukuta. Alipoanza sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi baba amwambie apaze.

"Beba jembe, mvivu we," alisema. "Nikikukuta umelala kwenye matuta yangu nakuuza Tabora."

"Tabora watanirudisha wakishaona ninavyokula."

"Watakurudisha bila meno."

Baba akainuka, akaweka jembe begani, akamfuata kuelekea bondeni, hatua hamsini nyuma yake, wakijibizana kwa kupayuka njia nzima.