Mpira Usiookotwa

Nilikuwa kwenye benchi la kinyozi mmoja mjini Shinyanga, nangoja zamu yangu, wembe ukiwa shingoni mwa kibarua wa mgodi wa almasi. Kibarua akasema timu ya raga ya Wazungu wa hapa mjini imehamia kwao mgodini. Wembe ukasimama.

"Mmetunyang'anya timu," alisema kinyozi.

"Raga ndiyo mchezo mgumu, mzee. Mpira wa miguu ni wa watoto."

"Vijana wetu wanacheza peku, wanang'oka kucha! Hao wana viatu."

"Njoo uone mwenye mpira anavyoangukiwa na watano."

"Nitaonaje, na uwanja uko ndani ya seng'enge?" Wembe ulibonyeza ngozi.

Kibarua hakutikisika. "Juzi mpira wao ulikuja kusimama miguuni pangu. Mzungu akapiga kelele nimrushie. Sikuuokota."

"Ulimwogopa?"

"Askari alikuwa ananitazama. Kule ndani, kibarua akiinama tu, ameiba almasi."

Kinyozi alilegeza wembe, akamaliza kidevu.

Mimi nimecheza peku, na kucha zangu mbili zilibaki uwanjani. Lakini kusimama wima, mpira uko miguuni, huyu anakuambia okota na yule anakuambia thubutu, mchezo huo siuwezi.