Kizingiti cha Nyumba ya Winchi

Kukuta mavi juu ya kaburi la mumeo ni kinyaa kisichozoeleka, na Martina alikikuta kila alipokwenda. Kaburi lenyewe lilikuwa hilo tu: nyumba ya winchi, mtambo uliowashusha wachimbaji shimoni, jengo pekee lililobaki la mgodi wa zamani nje ya Geita. Hapo ndipo mumewe Nkwabi aliposhushwa shimoni asubuhi moja, mwamba ukamfunika, wazungu wenye mgodi wakaliziba shimo bila kumtoa. Asiye na kaburi atambikiwe wapi? Ukoo ukaamua: kizingitini, alipokanyaga mara ya mwisho.

Miaka ya tisini ikaleta wachimbaji kutoka kila pembe, na kila mmoja na tumbo lake. Vichaka vimejaa tele, wao wakaona nyumba ya marehemu ndiyo choo. Watu wazima, wana mama zao, na hawana hata haya ya paka anayefukia.

Martina hakuweza kuacha hali hiyo. Onesmo, mwanawe wa pekee, alikuwa amepata mtoto wa kiume, na kwao mjukuu huyo alipaswa kupewa jina la babu yake. Lakini jina huombwa kwa mwenyewe, kwa unga wa uwele unaonyunyizwa mahali pake. Basi akamwaga majivu, akazoa uchafu kwa jembe, akitapika pembeni na kuwalaani waliowazaa watu wale. Alimwomba Onesmo amsaidie. Akasema ana kazi.

Jumapili alirudi na mkwewe Paskalina, mtoto mgongoni. Kizingiti hakikuwepo. Wachimbaji walikuwa wamenong'onezana kuwa vumbi la dhahabu limenasa kwenye saruji ya zamani, na sakafu yote ilikuwa imefumuliwa. Ndani ya shimo jipya lililomfika kiunoni, Onesmo alikuwa akijaza mabonge ya saruji kwenye gunia.

“Shikamoo, mama,” alisema, macho chini.

Martina alilitazama gunia.

“Ningeacha, wangechukua wengine. Kwani baba naye hakuwa mchimbaji?”

“Baba yako alichimba mwamba,” Martina alisema. “Wewe unamchimba yeye. Wenzako walimnyea tu, hawakumuuza.”

Akamgeukia Paskalina. “Mtoto mpe jina la baba yako wewe, mwanangu. Huku kwetu hakuna tena wa kuombwa.”

Onesmo akaanza kupanda kutoka shimoni, akiwaita. Hakuna aliyemngoja.