Bafta Iliyochemshwa kwa Manjano

Kila nikitia manjano kwenye maji ya moto, ile harufu ya mizizi na udongo hunirudisha kwenye ua wa nyumba yetu ya Bondeni, asubuhi mama alipotoka eda.

Nilikuwa na miaka saba. Baba alikuwa amefariki, na kwa muda wote wa eda mama alikaa ndani akijitanda bafta nyeupe, kitambaa kile kile ambacho nilikuwa nimewaona wakikipasua kumshonea baba sanda. Tangu hapo sikumkaribia. Nililala chumbani kwa shangazi, dada yake baba, na mama akiniita nilimjibu nikiwa mbali.

Kwetu, nguo za eda hutolewa sadaka. Mama alizitoa zote, akazuia moja. Akachemsha manjano katika sufuria ya pilau, akatia chumvi, akaizamisha ile nguo na kuigeuza taratibu kwa mwiko, hata vidole vyake vikawa kama vya biharusi aliyesingwa manjano mwilini. Hapo ndipo hofu iliponiingia. Nilivyojua mimi, manjano yalikuwa ya mchuzi au ya biharusi, na pale hapakuwa na mchuzi. Tena nilikuwa nimemsikia shangazi akimnong'oneza jirani kwamba mke mchanga vile hawezi kukaa bila mume. Nikaunganisha maneno na sufuria: mama anaolewa, atahamia kwa watu, nami nitaachwa.

Sikuthubutu kuuliza. Nilijikunyata kizingitini nikimwomba Mungu nguo iharibike.

Ikaharibika. Mama aliiopoa ikiwa njano ya kupendeza, akaona rangi yachuruzika, akaifua kwa sabuni ya mche. Mara ikageuka nyekundu mbele ya macho yetu, wekundu mzito wa kutisha. Nikaamini ni dua yangu iliyofanya vile.

"Wifi! Umechinja kuku humo?" shangazi akapaza sauti kutoka jikoni.

"Cheka tu, wifi. Bora hii kuliko nyeupe."

"Na rangi yote hiyo, wajipambia nani?"

Mama alichukua ndimu, akaikamulia pale palipokolea, kama alivyozoea kutoa madoa. Kila tone lilipoanguka, njano ikarudi. Akasuuza, akakamua ndimu nyingine, mpaka nguo nzima ikang'aa tena. Dua yangu ilikuwa imetanguka.

Akajitanda ile nguo mbichi, maji yakimtiririka, akaja kuchutama mbele yangu.

"Hii nayo yakutisha?"

Nilishindwa kujizuia. "Mama, waolewa?"

Alinitazama, kisha akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Nani atanioa, nawe mwanangu wa kunizaa wanikimbia?"

Nikajitupa kifuani pake. Shati langu likashika rangi, na shangazi akagomba mpaka adhuhuri.

Kwa miaka mingi niliikumbuka siku ile kama siku ya hofu yangu mimi. Kisha nami nikarudi kutoka hospitali nimenyolewa nywele, na binti yangu mdogo akakataa kupakatwa nami. Nilipomnyooshea mikono akajificha nyuma ya bibi yake, ndipo nilipoelewa kwamba mama, ndani ya eda ile, alikuwa akimlilia aliyekufa huku akimngoja aliye hai.